Ugwe wa Zimwi

Mazimwi wale watatu, sanamu ndogo za plastiki, nilipewa na mwenzangu wa mchezo aliyekuwa akipunguza jeshi lake. Ni orruk, yaani mazimwi, wa kundi la Kruleboyz, wakazi wa vinamasi walioingia mwaka 2021 kwenye Warhammer Age of Sigmar, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu, wanaotegemea hila kuliko misuli. Kila mmoja amebeba upinde wa mtambo, ule unaolazwa juu ya kitako na kufyatuliwa kwa kidole. Lakini nyugwe za pinde zilikuwa zimeshakatwa zote. Misuli imetuna, jicho limelenga, na hakuna kinachovuta chochote! Sikuweza kuwapaka rangi wakiwa hivyo.

Uzi wa kushonea niliukataa mapema. Una vinyweleo, na kwenye sanamu ndogo namna ile kinyweleo kimoja huonekana kama kamba ya nanga. Nikachukua fremu tupu ya plastiki, ile inayobaki vipande vya sanamu vikishakatwa, nikafungua dirisha na kuwasha mshumaa. Plastiki hii ni polistirini. Ikikaribia nyuzi joto 100 huanza kulegea. Niliishikilia juu ya moto bila kuugusa, nikiizungusha, mpaka katikati ikang'aa na kuinama. Hapo nikaitoa kwenye joto, nikavuta. Ukivuta polepole unapata kijiti. Ukivuta kwa kasi unapata uzi mwembamba kama unywele. Kisha unatulia, mikono imetanuka, mpaka upoe.

Gundi ya plastiki ingeuyeyusha uzi ule, kwa hiyo nilitumia tone dogo la gundi kali kwa ncha ya sindano, kwanza kwenye ncha moja ya upinde, halafu kwenye ndoano ya kifyatulio, halafu ncha ya pili. Ulikaa, ila umelegea. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwisho: niliwasha kiberiti, nikakizima, nikakisogeza kijiti chenye joto karibu na uzi. Ukafupika wenyewe, ukakaza. Papo hapo zimwi akawa anavuta kweli, na mkono wake ule mnene ukapata sababu ya kuwa mnene.

Mwenzangu alipokuja kucheza aliinama mezani akawaangalia kwa muda mrefu, kisha akaomba nimrudishie mmoja. Nilikataa, ila nikaenda kumtafutia fremu tupu.