Saa Kumi Jioni: Safari ya Soka la Wasichana, Iringa hadi Tukuyu

Agosti, Iringa ina baridi ya kukata. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kiwanja cha vumbi upande wa Kihesa, wasichana walikuwa wameshamaliza kukimbia mizunguko yao na sasa wanapigiana pasi fupi fupi. Wengine walivaa sweta za shule juu ya jezi, wengi wana taiti nyeusi ndani ya bukta. Njumu zilikuwa za kupokezana: anayetoka anavua, anayeingia anavaa, na mwenye mguu mdogo anaongeza soksi.

Nilianzia hapo kwa makusudi. Iringa ina jina katika Ligi Kuu ya Wanawake, iliyoanza msimu wa 2016/17. Panama Girls walitoka hapa, na baadaye wakaja Ceasiaa Queens. Mimi nilikuwa nawatafuta wale ambao hawajafika huko, wa timu za mitaa na za shule, nione wanapata wapi nafasi ya kucheza.

Nilimuuliza kocha wao, dada ambaye naye alicheza enzi zake, kuhusu vifaa. Akanijibu kuhusu saa.

"Mipira tunayo miwili, inatosha. Tusichokuwa nacho ni saa kumi jioni."

Saa kumi jioni kiwanja ni cha wanaume. Vijana wa mtaa wanafanya mazoezi, Ijumaa wanaingia maveterani, na ndondo, yaani mashindano ya mtaani, ikianza ndiyo basi tena, mwezi mzima hakuna pa kukanyaga. Saa hiyo hiyo msichana anatoka shule na kukabidhiwa ndoo, mdogo wake wa kubeba mgongoni, na jiko. Kwa hiyo dada huyu amechukua alfajiri ya Jumamosi, muda ambao hakuna anayeugombea. Baridi wanaizoea, alisema, lakini ugomvi wa nyumbani hauzoeleki.

Nikapanda basi stendi ya Igumbilo. Mafinga alipanda mama mmoja mwenye kiroba cha mahindi, akaketi pembeni yangu. "Kamwene." Nikaitikia, nikaongeza shikamoo. Aliposikia ninachokifuata aligeuka kunitazama vizuri. Ana mjukuu kidato cha pili, anacheza beki.

"Simkatazi, mwanangu. Ila akienda yeye uwanjani, maji nachota mimi. Na mgongo wenyewe ndio huu."

Aliteremka Makambako, nami nikabaki na sentensi yake hadi Igawa. Tumezoea kusema wazazi wa vijijini wamefungwa na mila. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini mama huyu hana neno na mpira. Siku yake imejaa, na mjukuu ndiye mkono wake wa pili. Anayetaka wasichana waongezeke viwanjani aanze kwa kuuliza nani atachota maji.

Chimala, Igurusi, magunia ya mchele kando ya barabara, kisha mlima na baridi ya Uyole.

Mbeya nilikaa zaidi, kwa sababu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko huko Uyole. Yeye saa kumi anayo, Jumanne na Alhamisi, na aliipata kwa miguu. Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda kwa viongozi wa timu ya vijana, wakampa nusu ya uwanja. Halafu akapita nyumba kwa nyumba. Hakuwaomba wazazi ruhusa ya mpira; aliwaomba wagawe kazi upya: binti achote maji asubuhi, jioni achote kaka yake. Na kaka aliyekubali alipewa nafasi ya kufanya mazoezi na timu ya wavulana ya mwalimu huyo huyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli alipopita kijana na ndoo mbili za maji, huku dada yake yuko upande wa kulia akipandisha mashambulizi. Hakuna aliyemcheka. Mwaka wa kwanza walichekwa sana, mwalimu aliniambia.

Msaidizi wake ni mama kijana ambaye kwenye mfuko wa koni na jezi anaweka pia pedi. Zamani binti akiwa kwenye siku zake alikuwa anapotea mazoezini bila kueleza, na wengine hawakurudi kabisa. Sasa wanajua mfuko ulipo, hawaombi kwa mtu. Jambo hili nalipa uzito mkubwa kuliko seti yoyote mpya ya jezi.

Wakati wa kupumzika waliniuliza kama nawajua Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa chini ya miaka 17. Nani asiyewajua! Oktoba 2022, kule India, hao ndio waliokuwa timu ya kwanza ya taifa letu, ya wanaume au ya wanawake, kucheza fainali za Kombe la Dunia la soka. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Kipa alinisimulia mabao yote mawili kana kwamba alikuwapo Goa. Kiungo mmoja alimtaja Clara Luvanga na Al Nassr yake, "klabu moja na Ronaldo", na mwingine akamkatiza kwa bao la Opa Clement dhidi ya Afrika Kusini, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake kule Morocco Julai 2025. Walibishana hadi filimbi ikalia. Mimi nilipokuwa na umri wao, ubishi wa namna hii ulikuwa na majina ya wanaume tu.

Kosta ya Tukuyu ilipita kwenye viazi vya Isyonje, ikashuka kwenye migomba na mashamba ya chai. Ukungu, manyunyu. Mji huu ulitoa bingwa wa nchi, Tukuyu Stars, mwaka 1986, na wazee bado wanaisimulia timu ile mchezaji kwa mchezaji.

Mechi niliyoifuata ilikuwa ya wasichana wa sekondari dhidi ya kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ilianza saa nane, dakika thelathini kila kipindi, kwa kuwa saa kumi uwanja una wenyewe. Beki wa kati wa kina mama alinyonyesha mtoto wakati wa mapumziko, akamkabidhi kwa bibi yake, akarudi kumzuia mshambuliaji wa kidato cha tatu mwenye mbio za kutisha. Ikawa 2-2. Wanaume waliokuja kwa mechi yao walisimama kando ya mstari, na kufikia bao la nne nao walikuwa wanapiga kelele.

Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha wa wasichana alivuka moja kwa moja hadi kwa nahodha wa wanaume. Akaomba wabadilishane muda. Nahodha akasema atajadiliana na wenzake. "Wenzako wote wako hapa, kaka yangu," akamwambia, "tunasubiri." Wakajadiliana chini ya mparachichi, kwa Kinyakyusa na Kiswahili, sauti zikipanda na kushuka. Walitoa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Kocha akalitaka daftari la ratiba, akaandika mwenyewe kwa kalamu, kisha akauliza nani ana namba ya simu ya timu ya wasichana wa Kiwira.