Kukaa na familia ya Kifaransa: mambo ya kusema mapema

Vijana wa kwetu wanaokwenda kukaa na familia Ufaransa huwa wa makundi mawili. Kuna au pair, anayesaidia kuangalia watoto na kupewa chumba, chakula na posho. Na kuna mwanafunzi aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya watu. Viza zao ni tofauti, lakini nyumba wanayoingia ni ileile, na kinachowakwamisha ni kilekile: heshima ya kunyamaza. Tumelelewa kwamba mgeni mstaarabu haombi, halalamiki, na akikaribishwa chakula husema ameshiba huku akingoja kukaribishwa tena. Mfaransa hukaribisha mara moja. Ukisema hapana anaondoa bakuli, bila kinyongo, kwa sababu kwake kukushikilia ndiyo kukukosea adabu. Hata ukijibu "merci" peke yake anaweza kuelewa umekataa, basi sema "oui, volontiers", yaani ndiyo, kwa furaha, upakuliwe.

Kwa au pair, kusema mapema kunaanza kabla ya kupanda ndege, kwenye mkataba. Sheria ya Ufaransa inataka uwe na umri wa miaka 18 hadi 30, usiwe raia wa nchi moja na familia wala ndugu yao, na mkataba uandikwe kwenye fomu rasmi ya serikali. Kazi isizidi saa 25 kwa wiki, upewe angalau siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, na posho isipungue euro 320 kwa mwezi. Chumba na chakula haviruhusiwi kukatwa humo. Mkataba hauzidi mwaka mmoja, na kukaa kote kama au pair hakuzidi miaka miwili.

Fomu hiyo haimalizi mambo. Ombeni na familia mkae kwa simu ya video mpange jedwali la wiki: Jumatatu saa ngapi hadi saa ngapi, jioni ngapi za kubaki na watoto wazazi wakitoka, nani analipa ada ya masomo ya Kifaransa, nani analipa kadi ya usafiri. Ulizeni hasa kuhusu Jumatano na likizo. Shule nyingi za msingi hufungwa Jumatano mchana au siku nzima, na kila baada ya wiki sita hadi nane za masomo huja likizo ya wiki mbili. Hapo ndipo saa 25 zinapogeuka 40 bila mtu kukusudia ubaya: mzazi yuko kazini, mtoto yuko nyumbani, nawe upo. Kubalianeni pia kwamba saa unazotakiwa ubaki nyumbani huku mtoto amelala zinahesabika. Ukishafika weka daftari dogo la saa ya kuanza na kumaliza, na Jumapili lipitieni pamoja. Familia nzuri hulipenda daftari hilo. Inayolikasirikia imeshakujulisha ilivyo.

Funga pia mzigoni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Ofisi ya bima ya afya hukidai ili ikupe namba ya kudumu, na kikitakiwa kwa Kifaransa, kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, yaani aliyemo kwenye orodha za mahakama za rufaa. Kukifuatilia kutoka Lyon huku kiko Mwanza au Kisumu ni kazi ya miezi.

Ukishafika, kabla hujafungua sanduku, ulizia sanduku la barua. Ufaransa bado inaendeshwa kwa posta: kadi ya benki, namba yake ya siri na kadi ya bima vyote huja kwa bahasha. Mtu wa posta asipoliona jina lako kwenye sanduku, barua anairudisha ilikotoka, nawe utangoja wiki nyingi ukidhani ofisi imekusahau. Omba jina lako liongezwe chini ya jina la familia, liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Wenye majina matatu wachague mpangilio mmoja na waushike kila mahali. Anwani yako utaiandika hivi: mstari wa kwanza jina lako, mstari wa pili neno "chez" (yaani "kwa fulani") likifuatwa na jina la mwenyeji, kisha mtaa na namba ya posta.

Siku hiyohiyo au kesho yake omba "attestation d'hébergement". Ni barua fupi ambayo mwenyeji anaandika na kutia sahihi, akisema unaishi kwake tangu tarehe fulani. Peke yake haitoshi. Iambatane na nakala ya kitambulisho chake na bili yenye anwani hiyo, ya umeme kwa mfano, isiyozidi miezi mitatu. Mafungu hayo matatu ndiyo utakayoulizwa benki na karibu kila ofisi, basi tengeneza nakala kadhaa na uyahifadhi kwenye simu. Benki ikikataa kukufungulia akaunti, omba barua ya kukataliwa uipeleke Banque de France, benki kuu ya nchi. Kuna haki ya kisheria ya kupata akaunti, na Banque de France itakuchagulia benki ya kukufungulia.

Viza ya kukaa muda mrefu nayo lazima ihakikiwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia, kwa kujaza taarifa na kulipa stempu ya kodi ya kielektroniki. Wengi hudhani ile karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti inatosha. Miezi mitatu ikipita bila uhakiki, ukaaji wako si halali tena, na ukitoka kwenda kusalimia nyumbani hutarudi kwa viza hiyo. Fanya wiki ya kwanza, uihifadhi ile PDF ya uthibitisho pamoja na pasipoti.

Sasa nyumba yenyewe. Milango mingi ya fleti haina mkono wa kufungulia upande wa nje. Ukiuvuta nyuma yako umefungika, na kama ufunguo uko mezani, umebaki ngazini na soksi. Shika ufunguo hata ukienda kutupa taka. Ukiwa ndani usiuache kwenye tundu, maana kwenye vitasa vingi anayerudi saa saba usiku hataweza kuingiza wa kwake. Ukifungiwa nje piga simu kwa familia kwanza, usimwite fundi wa vitasa wa kwenye zile kadi zinazotiwa kwenye masanduku ya barua. Wapo wanaotoza mamia ya euro kwa kazi ya dakika tano. Ukipoteza ufunguo sema saa hiyohiyo, kwa kuwa funguo nyingi haziwezi kuchongwa nyingine bila kadi maalumu aliyonayo mwenye nyumba.

Maji ya moto huleta ugomvi wa kimyakimya kuliko jambo lingine lolote. Nyumba nyingi zina tangi la umeme, mara nyingi la lita 150 hadi 200, linalochemsha usiku saa ambazo umeme ni nafuu. Maji yaliyomo asubuhi ndiyo ya siku nzima. Shawa ya kawaida hutoa kama lita 10 hadi 12 kwa dakika, na karibu nusu yake yanatoka kwenye tangi. Ukikaa robo saa umetumia kama lita 80 za maji ya moto, na mtu wa nne kuoga atakutana na baridi. Dakika tano zinatosha: jilowanishe, funga, jisugue, fungua tena. Uliza kila mtu anaoga saa ngapi uchukue nafasi yako. Bafu lenyewe huwa halina tundu la maji sakafuni kama kwetu, kwa hiyo maji yakimwagika nje ya beseni yanapenya kwa jirani wa chini. Kwa wenye rasta au nywele za kusukia, weka kichujio kwenye tundu la beseni na utoe nywele kila ukimaliza. Kwenye mto tandika kitambaa chako usiku, maana mafuta ya nywele hayatoki kirahisi kwenye foronya nyeupe.

Baridi utaikuta hata ndani. Kiwango rasmi cha joto la nyumba ni nyuzi 19, na familia nyingi haziwashi hita kabla ya Oktoba hata usiku ukiwa wa baridi. Usipandishe hita ya chumbani kimyakimya, wala usifungue dirisha huku inawaka. Vaa sweta na soksi, omba blanketi la pili. Litatolewa kwa furaha.

Jikoni, uliza rafu ipi ya friji ni yako na kipi hakiguswi. Kisha angalia jiko. Kama ni kioo cheusi kitupu, yaelekea ni la induksheni, na sufuria ya alumini uliyobeba kutoka Kariakoo au Gikomba haitapata moto hata kidogo. Jaribu kwa sumaku: ikinata kwenye kitako cha sufuria, sufuria hiyo itafanya kazi. Kusonga ugali juu ya kioo kunahitaji uangalifu wake. Sufuria husukumwa na mwiko, ikiburuzwa inachora kioo, na ikigongwa kwa nguvu inaweza kukipasua. Chemsha maji, tia unga wa uji wa kwanza jikoni, kisha ipua uweke sufuria juu ya ubao au taulo nene lililokunjwa, usonge hapo huku umeishika kwa kitambaa, halafu irudishe iive kwa moto mdogo. Unga wa njano wa polenta unaouzwa madukani ni chenga, hautoi ugali laini. Unga mweupe wa mahindi na wa muhogo utaupata kwenye maduka ya Kiafrika: Château Rouge kwa Paris, Guillotière kwa Lyon, Noailles kwa Marseille. Ukikaanga dagaa au vitunguu vingi, washa feni ya jiko, funga mlango wa jikoni, fungua dirisha. Afadhali zaidi, useme asubuhi kwamba jioni utapika samaki, kisha uwakaribishe waonje.

Mlo wa pamoja wa jioni ndio moyo wa nyumba, kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu usiku. Ukichelewa tuma ujumbe, na ukitaka kula nje sema tangu asubuhi. Chakula huja kwa awamu: kitangulizi, sahani kuu, jibini, kitamutamu. Usishibe kwenye sahani ya kwanza. Subiri mwenyeji aanze, weka viganja juu ya meza na si mapajani, mkate uweke pembeni ya sahani yako na uumege kwa mkono. Jibini la pembetatu kama Brie likatwe kwa urefu kutoka ncha hadi ganda. Anayekata ncha peke yake amewachukulia wenzake sehemu tamu. Mvinyo ukikataa inatosha kusema hunywi. Asiyekula nguruwe aseme kabla ya kufika, ataje na vipande vidogo vinavyoitwa "lardons", maana hutiwa hata kwenye saladi na mayai, na mvinyo nao hutumika kwenye michuzi mingi. Mwenyeji aliyejua tangu mwanzo atabadilisha mapishi. Aliyepika kwa muda wa saa tatu kisha akaona sahani haijaguswa ataumia.

Kuhusu kuitana: anza na "vous", yaani "nyinyi" ya heshima kwa mtu mmoja, na wakikuambia uwaite kwa jina la kwanza, waite hivyo. "Mama" na "Baba" zitawashangaza, na "Madame" ya miezi sita itawatenga nawe. Asubuhi kila mmoja husalimiwa kwa "bonjour" kabla ya neno lingine lolote, watoto pia. Mlango wa chumba uliofungwa ni jambo la kawaida, haumaanishi hasira. Bisha hodi na ungoje jibu.

Kwa watoto, jua mambo matatu kabla ya siku ya kwanza. Shule ya chekechea haimkabidhi mtoto kwa mtu ambaye wazazi hawakumtaja kwa maandishi, kwa hiyo hakikisha jina lako limepelekwa na ubebe kitambulisho. Dawa ya homa usimpe bila ruhusa ya mzazi. Ile ya maji ya paracetamol hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo uzito wa kila mmoja uandikwe mlangoni mwa friji. Na usimpige. Tangu Julai 2019 sheria ya Ufaransa inasema malezi yafanyike bila ukatili wa mwili wala wa kisaikolojia, na kofi la mkononi ambalo kwetu lingepita bila kuonekana linaweza kukurudisha nyumbani. Mtoto akikushinda, mwambie mzazi jioni hiyohiyo, mbele ya mtoto, mkubaliane nani anasema nini kesho.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapo Mfaransa atakubaliana nanyi. Kutandika kitanda, kuondoa sahani, kuchambua taka (chupa za kioo huenda kwenye kontena la mtaani, na si usiku) ni mambo ya kila aliyemo ndani. Lakini kufua mapazia na kupiga pasi nguo za mume si kazi ya au pair. Ukiona mambo yanateleza, usisubiri mwezi. Chagua saa watoto wamelala, shika daftari la saa na nakala ya mkataba, taja jambo moja tu na unachoomba. Kwenye mkataba pawe pameandikwa muda wa notisi kwa pande zote mbili, na ukihamia familia nyingine unahitaji mkataba mpya. Pasipoti yako ikae kwako. Hakuna familia yenye haki ya kukuwekea, na ikikataa kukurudishia, piga 17 kwa polisi au 112, kisha ujulishe ubalozi wako. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi Paris.