Kwa nini amonia lazima iwe ya kumwaga

Jana tuisheni dogo mmoja wa kidato cha sita kaniuliza swali ambalo na mimi liliwahi kunitesa sana, mwalimu tukitengeneza ethilamini kwa bromoethani na amonia, kama bromoethani moja inabeba naitrojeni moja tu, amonia nyingi yote hiyo ya nini? Nikafuta ubao nikaanza upya, maana swali lenyewe hasa ndo hilo.

Iko hivi. Naitrojeni ya amonia ina jozi ya elektroni ambayo haijashikana na kitu, na kaboni iliyoshikana na bromini ina upungufu kwa sababu bromini inazivutia elektroni kwake, basi amonia inaingilia kwa nyuma, bromini inatokea upande wa pili, unabaki na chumvi. Hiyo bado sio amini, yaani amonia ambayo haidrojeni yake imepishana na kundi la kaboni, hapa ethili! Mpaka amonia nyingine ije iing'oe protoni moja ndo unapata ethilamini. Amonia mbili zimeshaenda hapo.

Sasa balaa linaanza, ethilamini nayo ina jozi yake, tena ni kali kuliko amonia kwa sababu ile ethili inaisukumia naitrojeni elektroni, kwa hiyo inaivamia bromoethani iliyobaki inakuwa daiethilamini, nayo inaendelea inakuwa traiethilamini, mpaka naitrojeni ibebe ethili nne na hapo haina tena jozi ya kutoa. Mkemia Mjerumani Hofmann alishaufuatilia mlolongo huu akiwa London, miaka ya 1850 huko. Ukimwaga amonia nyingi, kila bromoethani inapogeuka inakutana na amonia kwanza, ila bado utapata mchanganyiko kidogo lazima uutenganishe.

Na jamani chupa izibwe! Unapasha moto na ethanoli ndani ya tyubu iliyofungwa kabisa, amonia ni gesi, ukiacha wazi inapaa yote. Watu wanaangusha maksi hapa kila mwaka inaniuma.

Mi nikitaka ethilamini peke yake naenda na njia ya mkemia Gabriel ya 1887, naitrojeni ya phthalimaidi, kampaundi inayotumika badala ya amonia, inabeba ethili moja tu basi.

Dogo akauliza amini zinanukaje. Samaki! Trimethilamini ndo ile harufu ya samaki aliyelala, ukimkamulia ndimu asidi inaipa naitrojeni protoni, inageuka chumvi isiyopaa na harufu inakata. Akacheka akasema kumbe ndo maana bibi yake hapiki changu bila ndimu.