Nguvu 92, Ubora 0

"Nguvu tisini na mbili," fundi alisoma kwenye runinga yake ndogo ya sola. "Ubora sifuri. Hapa, kaka, bado hujarusha kitu."

Ilikuwa masika, Tanga, ndani ya kibanda chake cha kutengeneza ving'amuzi. Alitaka mawimbi yake mwenyewe mezani, yenye picha anayoijua na nguvu anayoipanga yeye, ili akimaliza kutengeneza kifaa asisubiri mteja arudi kulalamika. Nami nilikuja na HackRF One, kisanduku cha redio kinachorusha mawimbi yanayotengenezwa na kompyuta, laptopu yenye GNU Radio, programu ya kuyatengeneza, na majigambo kidogo.

Antena hatukugusa. Kurusha hewani bila leseni ni kosa, na HackRF haina kichujio cha maana mlangoni: ukirusha kwenye megahezi 634, vivuli vyake vinatokea 1268 na 1902. Basi tukafunga waya: HackRF, kipunguza mawimbi cha desibeli 30, adapta ya kutoka plagi ya SMA kwenda plagi ya F ya antena, kigawanyio, king'amuzi. Chenyewe kilikuwa cha DVB-T2, mfumo mpya wa runinga ya kidijitali, lakini kilisoma na DVB-T ya zamani, ambayo laptopu inaitengeneza kwa jasho dogo. Nilipanga upana wa megahezi 8, 2K (idadi ndogo ya vibebaji), QPSK (biti 2 kwa kila kibebaji), kodi ya kusahihisha makosa ya 1/2 (nusu ya biti ni data, nusu ya kusahihisha), na nafasi ya ulinzi 1/4 kati ya alama moja na nyingine.

Ile sifuri niliileta mwenyewe. Nilikuwa nimewasha amplifaya ya ndani na kupandisha ukuzaji hadi 47, mwisho wa kipimo. Mawimbi haya ni vibebaji 1705, mawimbi madogo yanayogawana data, vinavyoimba pamoja. Mara moja moja sauti zao hukutana, na kilele kinaruka desibeli 10 na zaidi juu ya wastani. Amplifaya ikivikata vilele hivyo, vibebaji vinachafuana. Nguvu ipo, tena tele, ila hakuna kinachosomeka ndani yake.

Kwenye tundu la pili la kigawanyio nilichomeka kidongo cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha redio cha USB, nikakiweka megahezi 638, ukingoni mwa chaneli. Kidongo hicho huona upana wa megahezi 2.4 hivi tu, lakini ukingo ulitosha: mahali ambapo mawimbi yalipaswa kuporomoka kama ukuta, yaliteremka polepole kama bega. Nikazima amplifaya, nikashusha ukuzaji hadi 20, na ndani ya GNU Radio nikapunguza kizidishio mpaka wastani ukawa kama robo ya kikomo. Bega likaanguka. Nguvu 61, ubora 88.

Mistari ya rangi ikatokea, na namba zinazohesabu sekunde. Zikafika kumi na kitu, zikaganda. Zikaendelea. Zikaganda tena.

Kwenye ffmpeg, programu iliyotengeneza mkondo wa video, nilikuwa nimeandika muxrate 5000000, yaani biti za mkondo mzima kwa sekunde, kwa uvivu wa kupenda namba nzima. Chaneli ile haibebi hivyo. Vibebaji vya data ni 1512, kila kimoja biti 2, kila alama, yaani kila mpigo wa vibebaji vyote kwa pamoja, mikrosekunde 280. Gawa kwa mbili kwa ajili ya kodi, zidisha kwa 188/204 ya Reed-Solomon, kodi ya pili ya kusahihisha makosa, unapata biti 4,976,471 kwa sekunde. Pengo ni kama asilimia 0.5, na mtu angesema si kitu. Lakini saa iliyomo kwenye mkondo inaruhusiwa kukosea sehemu 30 tu katika milioni, na mimi nilikosea zaidi ya 4,700. King'amuzi kinamaliza picha kilizoweka akiba, kinasubiri, kinaanza upya. Nikaandika namba kamili, video nikaiacha megabiti 3.5, na pakiti tupu zikajaza nafasi iliyobaki.

Ikatulia dakika tano nzima. Umeme ukakatika.

Runinga na king'amuzi viliendelea kwa betri ya sola, laptopu kwa betri yake. Picha ikachanika vipande vipande, na kwenye dirisha jeusi zikaanza kumiminika herufi: UUUUUU. Kila U ni pale HackRF ilipodai sampuli, namba zinazochora wimbi, ikakuta kapu tupu. Laptopu ikikosa umeme hupunguza kasi ili kuokoa betri, na sampuli 9,142,857 kwa sekunde hazingoji mtu.

Tiba ilikuwa kuacha kupika huku unapakua. Tulisubiri umeme urudi, nikatengeneza sampuli zote kabla na kuziandika kwenye faili, baiti mbili kwa kila sampuli, kisha hackrf_transfer, amri ya HackRF ya kurusha faili, ikalirusha kwa -s 9142857 ya kasi ya sampuli na -R ya kurudia. Faili hilo usilikate ovyo. Fremu kuu, mzunguko mmoja kamili wa mawimbi haya, ni alama 272 za sampuli 2,560, yaani sampuli 696,320. Nilichukua fremu kuu 788, dakika moja na nukta, kama gigabaiti 1.1. Pale mwisho wa faili unapoungana na mwanzo, picha hupepesa mara moja, basi. Ukihamia 64QAM, yenye biti 6 kwa kila kibebaji, kupima kwa ukali zaidi, faili la dakika moja linabaki ukubwa uleule, maana idadi ya sampuli kwa sekunde haibadiliki.

Fundi akaleta ving'amuzi vitatu kutoka kwenye rafu. Tuliongeza vipunguza mawimbi, desibeli 10 kila mara. Viwili vilikata karibu pamoja. Cha tatu kilikata desibeli 20 mapema. Akakifungua: solda ya pini ya katikati kwenye soketi ya antena ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akaibonyeza kwa ncha ya bisibisi, na namba zikaanza kuhesabu.