Siku Kompyuta Ilipoulizwa Nani Ametia Maji

Mpango mkakati wa ushirika wetu ulikuwa na jalada la kuvutia: ng'ombe wa Friesian amesimama malishoni, majani yamemfika magotini. Sote tulijua hakuwa wa kwetu. Kwetu, kwenye miteremko ya katikati ya Kenya, shamba ni ekari moja au chini ya hapo, na ng'ombe hufungwa zizini akaletewa majani ya nepia yaliyokatwakatwa. Mpango ulizinduliwa mwaka 2014 kwenye mkutano mkuu, kwa soda na mandazi, na ndani yake kulikuwa na ahadi ambayo mwenyekiti aliipenda hadi akawa anaitamka hata mazishini: tutauza maziwa bora kuliko ushirika wowote wa upande huu wa mlima, na mkulima atalipwa kwa ubora.

Mwaka huohuo tukanunua mfumo wa kompyuta. Mpango uliandikwa na mshauri kutoka mjini, mfumo ukaletwa na kampuni nyingine, na sidhani kama wenye mambo hayo mawili waliwahi kukaa meza moja.

Mimi ndiye niliyeutunza huo mfumo. Cheo changu kwenye barua ya ajira kilikuwa kirefu. Kazi yenyewe ilikuwa kuchaji usiku vifaa vya mkononi vya makarani waliopokea maziwa ya wakulima njiani, kuvigawa saa kumi na moja alfajiri, kuvipokea mchana, kuingiza kilo zote kwenye kompyuta ya ofisi, na mwisho wa mwezi kutoa hesabu ya kila mkulima baada ya kukatwa chakula cha ng'ombe alichokopa dukani. Na niseme haki yake: ulifanya kazi. Zamani mkulima alikuwa na kadi ya karatasi, karani akaandika 8 inayosomeka 3, na kila mwisho wa mwezi dirisha la malipo likawa uwanja wa vita. Vita hivyo mfumo ulivimaliza.

Basi mwaka uliofuata, mvua ndefu zimekolea na maziwa ni mengi, kiwanda kilichokuwa kikinunua maziwa yetu kikarudisha tangi zima. Yaliganda kwenye spiriti, na laktomita, kile kipimo cha kugundua maji, ilisoma 24 mahali ambapo maziwa halali husoma kati ya 26 na 32. Kwa maneno mengine, yalikuwa yameanza kuchachuka na pia yalikuwa na maji. Mtu angeweza kusamehewa moja, si yote mawili kwa pamoja.

Mwenyekiti aliingia ofisini bado amevaa gambuti.

"Kijana, toa majina."

"Majina gani, mzee?"

"Ya waliotia maji. Si ndiyo maana tulinunua kompyuta?"

Nilimchapishia orodha ya siku ile, kurasa na kurasa. Akavaa miwani. Kila mstari ulikuwa na namba ya mwanachama, tarehe, saa, kilo za siku, na jumla ya kilo tangu mwezi uanze. Akageuza karatasi kuangalia nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Ilibidi nimweleze kwamba mfumo haukuwa na mahali popote pa kuandika maziwa yalikuwaje. Ulichojua ni uzito wake. Na hata kama pangekuwepo, karani alikuwa akipima kilo za mkulima mmoja, anamimina kwenye mkebe wa lita hamsini, anakuja wa pili, anamimina humohumo, na mkebe unajaa maziwa ya watu kumi au zaidi. Yakishachanganyika, ya nani ni ya nani?

"Kwa hiyo kila asubuhi tunaandika nini?" akauliza.

"Kilo, mzee."

Mweka hazina wetu alikuwa mwalimu mstaafu, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu. Alikuwa amekaa pembeni akifungua bahasha za benki. Bila kuinua kichwa akamuuliza meneja makarani wa njiani wanalipwaje. Meneja akasema kuna mshahara kidogo, halafu senti kadhaa juu ya kila kilo wanayoleta. Mwalimu akauliza kama kuna chochote wanachokatwa maziwa yakikataliwa. Hakuna.

"Basi mwacheni kijana na kompyuta yake," akasema. "Kesho nataka kupanda pikapu ya njia ya tatu."

Tulipanda naye, mimi nyuma na mikebe, yeye mbele kwa sababu ya magoti. Karani wa njia ile alikuwa hodari wa kweli. Alijua namba za wanachama kwa kichwa, alipima, alibonyeza, alikata risiti, akaruka kwenye gari kabla halijasimama sawasawa. Kwenye kituo cha kwanza Mwalimu alimwomba laktomita. Ilitoka kwenye droo ya dashibodi, ndani ya kasha lake, na kasha bado lilikuwa limefungwa kwa nailoni ya dukani. Chupa ya spiriti ilikuwepo pia, tupu. Karani hakuona haya hata kidogo, na kusema kweli sikuona kwa nini aone. Kuchanganya maziwa na spiriti kipimo sawa kwa sawa, kutikisa na kuangalia kama kuna chembechembe ni kazi ndogo, lakini ukiifanya kwa kila mtu kwenye njia yenye wakulima wale wote, jua litakukuta katikati. Nayo njia ilikuwa imerefuka. Kwa kuwa kila kilo ilimwongezea senti, alikuwa amejiongezea vituo viwili upande wa bondeni, na pikapu iliyokuwa ikifika kwenye tangi la kupozea kabla ya saa mbili sasa ilifika saa nne na nusu, mikebe imepata joto.

Tena kulikuwa na suala la maziwa ya jioni. Gari letu lilipita asubuhi tu. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili. Mkulima aliweka maziwa ya jioni kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, asubuhi akayachanganya na mabichi, akaleta. Hili kila mtu alilijua, na wala halikutajwa popote kwenye ule mpango wenye jalada zuri.

Kwenye kituo cha tano alitusubiri mama mmoja, mwenye ng'ombe wawili wa Jersey, wale wa maziwa machache yenye mafuta mengi. Karani akapima: kilo sita na nusu. Nyuma yake kijana wa jirani akaleta ndoo ya Friesian, kilo kumi na tisa, maziwa meupe mepesi. Mama akaitazama risiti yake, kisha akamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha hesabu. Haya yangu ukiyaacha usiku yanaganda krimu kidole kizima. Na huyu analipwa mara tatu yangu. Huo ubora wenu mnaupimia wapi, kwenye mizani?"

Mwalimu hakumjibu pale. Alimjibu wiki ile kwenye kamati.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma chuo jioni, nilikutana na mchoro wa watafiti Henderson na Venkatraman wa mwaka 1993, kuhusu kuoanisha biashara na teknolojia yake: visanduku vinne, viwili vya mikakati juu, ule wa biashara na ule wa teknolojia, na chini yake utendaji wa kila siku na mifumo yenyewe, mishale ikienda pande zote. Wenzangu waliulalamikia kuwa ni wa kinadharia mno. Mimi niliona pikapu ya njia ya tatu imechorwa pale, isipokuwa mishale yetu ilikuwa haipo.

Kamati ilikaa hadi usiku. Sitasimulia yote, sehemu kubwa ilikuwa ugomvi juu ya nani aliyemleta yule mshauri. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilipoulizwa kuongeza sehemu mbili za kuandikia kwenye kifaa ilitupa bei iliyomfanya meneja acheke. Hapo nikakumbuka kwamba kifaa kilikuwa na sehemu ya namba ya njia ambayo hakuna aliyeitumia, kwa kuwa kila karani alikuwa na njia yake moja. Tukaiteka. Mikebe ikapigwa namba kwa rangi nyekundu, na karani akawa anaandika pale namba ya mkebe uliopokea maziwa ya kila mkulima. Kuanzia hapo mkebe ukikataliwa tangini, nilitoa majina ya watu kumi au kumi na wawili, na kesho yake hao ndio waliopimwa mmoja mmoja kwa laktomita.

Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa malipo. Senti za karani ziliondolewa kwenye kilo anazoleta zikawekwa kwenye kilo zilizokubaliwa tangini, na ghafla spiriti ikaanza kuisha na kuagizwa upya. Vituo viwili vya bondeni vikaachwa. Watu wa bondeni walikuja ofisini kwa hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Kwa wakulima, kamati ilikubali kupima mafuta ya kila mmoja mara mbili kwa mwezi kwa njia ya Gerber, ile ya tindikali na mashine ya kuzungusha, na kuongeza shilingi mbili kwa lita kwa atakayevuka asilimia 4. Wenye Friesian wengi ndani ya kamati walipinga. Mmoja alisema waziwazi kuwa tunamwadhibu kwa kufuga ng'ombe ambaye ushirika wenyewe ulimshauri anunue. Alikuwa sahihi: miaka mingi semina zetu zilihubiri kilo. Shilingi mbili zilipita kwa kura moja.

Kilo zikashuka. Nyuma ya kiti cha meneja palikuwa na ubao ambao jumla ya siku iliandikwa kwa chaki, na mwenyekiti alikuwa na mazoea ya kuwasimamisha wageni mbele yake. Mwezi ule aliacha. Mwalimu akachora mstari katikati ya ubao, upande wa pili akaandika kilo zilizokataliwa, na ikawa kazi yangu kuujaza kila mchana.

Yule karani hodari wa njia ya tatu hakukaa. Alisema, na bila chuki, kwamba kazi mpya ni ya kupima na yeye ni mtu wa kukimbia. Akachukua pikipiki kwa mkopo na kuwa mchuuzi. Alipita njia ileile nyuma ya gari letu, akinunua tuliyoyakataa na ya watu wa bondeni, na kulipa palepale kwa M-Pesa, wakati sisi tukilipa mwezi ukishaisha. Tulipopishana naye alipiga honi. Mwalimu alimwitikia kila mara. Mwenyekiti hakumwitikia hata siku moja.