Besiboli usiku wa manane Kirumba
Yani hapa Kirumba, Mwanza, ukisema unapenda besiboli watu wanakuangalia kama umetoka kuzimu, wao Simba na Yanga tu. Mi fainali ya besiboli ya Marekani ya 2016 siisahau, timu za Cubs na Cleveland, mechi ya saba na ya mwisho, kwetu ilianza saa tisa usiku, wavuvi wa dagaa bado wako ziwani na taa zao, nikavaa hedfoni maza asiamke. Raundi tisa za kawaida zikaisha 6-6 af mvua, mechi ikasimama dakika 17. Nikapiga Close to the Edge ya bendi ya Yes, ile ya 1972, wimbo mmoja dakika 18 na ushee na haukai sehemu moja, sasa mechi inarudi wimbo haujaisha bana, nikaukata roho inauma! Cubs wakashinda 8-7, ubingwa toka 1908 hawajachukua. Saa mbili kasoro maza ananikuta nalia, akauliza nani kafa.