Bi Mkubwa na redio ya saa kumi

Wabarawa, watu wa mji wa Barawa katika pwani ya Somalia, tunawajua kwa kofia zao na vikoi vyao, na kwa lugha yao ya Chimwini ambacho sisi wa Mombasa tunakisikia nusunusu kisha tunakicheka. Walivyofika hapa hatuulizi. Tunasema walikuja wakati wa vita, basi, kahawa inamiminwa.

Juzi nilikuwa kwa Bi Mkubwa mmoja wa Kibarawa anayewashonea kaka zangu kofia. Redio ilikuwa na habari za Darfur, kule Sudan: wanawake wa Kimasalit wa El Geneina waliobakwa mwaka 2023 na wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, na wanamgambo wenzao, wengine wakiulizwa kabila kwanza. Bi Mkubwa alikuwa mkekani, kofia kaipachika gotini, anatoboa vitundu kwa sindano na kuvizungushia uzi mweupe. Hakuinua uso.

"Huulizwa kabila, mwanangu. Hata sisi tuliulizwa."

Kisha akamwita mjukuu alete kahawa. Nami maswali yangu nikayameza.

Siad Barre, rais wa Somalia, alipokimbia Mogadishu Januari 1991, bunduki zilibaki kwa wanamgambo wa koo kubwa. Kule mlinzi wako ni ukoo wako: akiguswa binti wa watu, jamaa zake watakuja kulipiza au kudai diya, yaani fidia. Wabarawa, wachuuzi na mafundi, hawakuwa na jeshi. Wabantu wa bonde la Juba, wakulima wa kusini mwa Somalia, vilevile. Aliyembaka mwanamke wao hakuwa na wa kumwogopa. Ndiyo maana sitaki kusikia hadithi ya askari walioshindwa na tamaa. Mtu anayejua nyumba ipi haina wa kuitetea amepiga hesabu yake kabla hajagusa mlango. Walichukua dhahabu, kisha mabinti.

Mashua zikaleta watu Mombasa, wakawekwa kambi ya wakimbizi ya Utange na kambi nyingine za hapa, mpaka zikafungwa miaka hiyo hiyo ya tisini. Waliokwenda kambi za Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuta shari nyingine: mwaka 1993 wanawake wa Kisomali walikuwa wakibakwa na majambazi walipotoka kutafuta kuni. Ndani ya Kenya, hiyo. Tunapojisifia ukarimu hatuitaji.

Husemwa kwamba kunyamaza ni kuwasitiri. Mimi naona aliyesitirika zaidi ni yule aliyevunja mlango.

Nawaza Arusha, ambako mtu anafika kwa basi siku moja tu, na ambako mahakama ya Umoja wa Mataifa ilisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba kule Rwanda, ilianza Januari 1997 bila shtaka hata moja la ubakaji. Shahidi mmoja, mama, katika kueleza mengine akataja kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa. Majaji wakamwuliza zaidi, naye jaji Navi Pillay, mwanamke pekee kati ya wale watatu, alikuwa hapo. Juni mashtaka yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikamtia hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba kuwabaka wanawake wa Kitutsi kulikuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Yote hayo kwa kuwa mama alisema neno, na waliokuwa mbele yake hawakuagiza kahawa.

Kwa waliyotendewa wanawake wa Barawa hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa. Wengi sasa ni mabibi, na wengine walishavuka kwenda Marekani na Uingereza.

Binamu yangu wa chuo kikuu amesikia habari hizi, anataka aje amrekodi Bi Mkubwa kwa simu. Nimemkatalia simu. Nimemwambia aje mikono mitupu, asilete rafiki zake wa kiume, na akiambiwa leo sitaki, anywe kahawa yake aende zake. Kanuna kidogo. Lakini Bi Mkubwa mwenyewe, nilipomwuliza, amesema aje Jumatatu alasiri, wajukuu wakiwa madrasa.